Namna ya kuandika historia ya Kariakoo na watu wake, kiwanja kwa kiwanja

Wengi wanaotaka kuandika historia ya Kariakoo huanza na majina makubwa. Wanaandika Nyerere, Abdulwahid Sykes, Bibi Titi, kisha wanaingia mitaani kutafuta nyumba ya kila mmoja. Kazi ya namna hiyo huishia na majina yale yale kumi ambayo kila mtu anayajua, na nyumba tatu zinazogombaniwa na familia mbili mbili. Geuza utaratibu: anza na kiwanja, umalize na mtu. Jina la mtaa linaweza kubadilishwa, nyumba ikavunjwa na ghorofa likasimama mahali pake, lakini kiwanja kinabaki pale pale, na kila mtu aliyewahi kulala, kupanga au kuuza pale anaweza kufungwa kwenye kipande hicho cha ardhi.

Kariakoo inafaa sana kwa njia hii kwa sababu ilipangwa tangu mwanzo kwa mistari. Kabla ya Vita ya Kwanza eneo kubwa lilikuwa shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Serikali ya Kijerumani ililinunua na kuanza kulipanga liwe mji wa Waafrika, na Waingereza, walioingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakaliendeleza. Mitaa inakatana kwa pembe mraba, na viwanja vimepangwa kwa vitalu. Hilo ndilo daftari lako la kwanza.

Chagua kitalu kimoja

Usichukue Kariakoo nzima. Chukua kitalu kimoja, yaani eneo lililozungukwa na mitaa minne, na ukimalize kabla ya kuvuka barabara. Kwanza amua Kariakoo yako inaishia wapi. Kata ya Kariakoo kwenye ramani ya serikali ni ndogo kuliko Kariakoo ya watu: mzee wa Gerezani au Jangwani atakwambia amezaliwa Kariakoo, na kwa maisha aliyoishi yuko sahihi. Andika mpaka wako ukurasa wa kwanza, useme unafuata kata au unafuata wakazi. Usipofanya hivyo, utajikuta umemweka mtu mmoja na kumwacha jirani yake bila sababu.

Chora kitalu kwenye karatasi ya A3. Kila kiwanja kipe namba yako ya muda, 1, 2, 3, ukizunguka kwa upande mmoja bila kuruka. Namba iliyopakwa ukutani si ya kutegemea, maana zimepakwa mara nyingi na mamlaka tofauti. Namba halisi ya kiwanja na kitalu utaipata kwenye ramani ya mipango miji, kwenye ofisi za ardhi za halmashauri au wizara, au kwenye nyaraka za familia. Ukishaipata, iandike kando ya namba yako, wala usifute ya kwanza, kwa sababu kanda na picha zako zitakuwa zimeshapewa namba hiyo.

Jedwali la majina ya mitaa

Hili linafanywa kabla ya mahojiano. Anayelikosa hupoteza wiki nzima akitafuta mtaa anaoukanyaga kila siku. Jedwali lina safu tatu: jina la sasa, jina la zamani, na chanzo cha taarifa. Baadhi ya yale utakayoyakuta mapema:

- Lumumba ilikuwa New Street. Ndipo lilipokuwa jengo la African Association, na ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, kwa hiyo barua iliyoandikwa «Mtaa wa Lumumba» haiwezi kuwa ya miaka ya 1950.
- Uhuru ilikuwa Kichwele.
- Mtaa wa Kleist Sykes ulikuwa Kipata.
- Mshume Kiyate ilikuwa Tandamti. Mshume Kiyate alikuwa mfanyabiashara wa samaki sokoni Kariakoo na mmoja wa wazee wa TANU.
- Bibi Titi Mohamed iliwahi kuitwa UWT.

Majina ya zamani nayo ni ushahidi, yawe yamebadilishwa au la. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti ni sehemu za kusini mwa Tanganyika zilikopiganwa vita kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1917. Ukiyaona yamekaa pamoja, unajua yalitolewa na Waingereza baada ya vita hiyo, na kwamba mitaa hiyo ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wale wale wa Carrier Corps walioiachia Kariakoo jina lake. Wapita njia wengi hawajui kwamba wanatembea juu ya majina ya medani za vita, na hili peke yake linastahili kuandikwa vizuri katika historia ya kitalu chochote kilichopo pale. Aggrey ni jina la James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast aliyepita Afrika Mashariki mwaka 1924.

Soma nyumba kabla ya kuuliza watu

Tembea kitalu chako Jumapili asubuhi, kabla bidhaa hazijatandazwa. Siku nyingine huoni kuta, unaona nguo zilizotundikwa. Piga picha ya kila kiwanja kutoka ng'ambo ya barabara, kisha mlango, kisha pembe ya paa.

Nyumba ya zamani ya Kariakoo ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Kuta za kwanza zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti. Yakafuata madebe yaliyonyooshwa, kisha mabati, kisha matofali ya saruji. Mpango huu ndio unaoeleza kwa nini nyumba moja inaweza kuwa na watu mashuhuri watatu wasiokuwa na udugu wowote: mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Karani wa serikali, mpiga dansi na fundi cherehani walitumia ukumbi mmoja na ua mmoja. Kwa hiyo swali lako lisiishie kwa «nyumba hii ni ya nani». Uliza chumba kwa chumba: kulia cha mbele alikaa nani, na baada yake nani. Chora vyumba sita kwenye karatasi umpe mzee kalamu. Mkono hukumbuka majina ambayo mdomo umeyasahau.

Kama kiwanja kimeshakuwa ghorofa, usikiruke. Kariakoo ya ghorofa ilianza kuzidi kuanzia miaka ya 1990, na watu waliokulia katika nyumba iliyovunjwa wengi bado wako hai, ila wamehamia Magomeni, Ilala, Temeke, Mbagala. Mwulize mlinzi au mwenye duka la chini nani hukusanya kodi. Mara nyingi ni mjukuu wa mwenye kiwanja, naye atakuelekeza kwa shangazi yake.

Mahojiano

Kiwanja cha Kariakoo leo ni mali kubwa, na familia nyingi zina mgogoro wa mirathi juu yake. Mgeni anayebisha hodi na kuuliza jina la mwenye hati anaonekana dalali au wakala wa ndugu wa upande wa pili. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, omba barua fupi inayosema unaandika historia na huhusiki na ardhi. Omba pia mtu akupeleke, hasa mjumbe wa shina aliyekaa muda mrefu, kwa sababu yeye anajua nani ni mkubwa wa umri na nani anajifanya.

Ukishaamkia na kukaribishwa, swali la kwanza liwe la baraza: «Mzee, jioni watu gani walikuwa wakikaa barazani hapa?» Swali hilo halina mali ndani yake, na majibu yake ni majina. Fuatisha na shule, madrasa au kanisa, timu, bendi au kikundi cha taarabu, kazi, na mwisho kabisa nani alijenga. Suala la hati liache hadi ziara ya pili, au uliache kabisa.

Rekodi kwa simu tu inatosha ukiweka faili katika WAV badala ya sauti iliyobanwa, simu ikae juu ya kitambaa umbali wa kiganja kimoja na nusu kutoka mdomoni, na feni izimwe. Kelele za Kariakoo huharibu kanda kuliko kitu kingine chochote. Kaeni chumba cha ndani au uani, si barazani, na iwe kabla ya saa tatu asubuhi. Kikao kisizidi saa moja na nusu. Baada ya hapo mzee huanza kukubali chochote unachomwambia. Sema mwanzoni mwa kanda: tarehe, mahali, jina, na kwamba ameridhia kurekodiwa na kuchapishwa. Ridhaa hiyo si adabu tu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watu walio hai utakaowataja. Usiku huo huo nakili faili sehemu mbili na uzipe jina kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, tarehe, namba ya kiwanja.

Tarehe ndizo zinazowashinda watu. Usimwulize mtu wa miaka themanini «ilikuwa mwaka gani», maana atataja mwaka ili akuridhishe. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya tukio ambalo kila mtu wa Dar analikumbuka: mgomo wa bandarini wa 1947, uhuru Desemba 1961, maasi ya wanajeshi Januari 1964, Azimio la Arusha Februari 1967, kutaifishwa majumba 1971, vita ya Kagera 1978 na 1979, msako wa wahujumu uchumi 1983. Matukio mawili, moja kabla na moja baada, hukupa kipindi, na kipindi cha kweli ni bora kuliko mwaka wa kubuni. Fedha nayo husaidia: bibi akisema mama yake alilipa kodi kwa rupia, yuko nyuma ya miaka ya 1920 au mwanzoni mwake. Mpira pia: mtu aliyesema baba yake alichezea Simba mwaka 1962 anakupa jina la sasa kwa jambo la zamani, kwani klabu hiyo ya Msimbazi, iliyoanzishwa 1936, iliitwa Sunderland hadi 1971. Yanga imebaki na jina lake la Young Africans tangu 1935. Huyo mtu hajasema uongo. Andika «Sunderland (baadaye Simba)» na usonge mbele.

Picha za familia

Hizi ni hazina, na ndizo zinazopotea haraka kuliko vyote. Usiondoke na picha ya mtu. Ipige au iskani pale pale, nukta 600 kwa inchi kwa picha ya ukubwa wa kawaida, upande wa mbele na wa nyuma, kwa sababu muhuri wa studio na maandishi ya kalamu viko nyuma.

Kukadiria umri wa picha ya mtaani, angalia vilivyo pembeni. Basi lenye herufi DMT (Dar es Salaam Motor Transport) ni la kabla ya shirika la mabasi la UDA, lililoanza 1974. Daladala zenye leseni ni kuanzia 1983. Mabasi ya mwendokasi ni kuanzia 2016. Kama soko linaonekana, hilo ndilo kipimo bora: paa la zege lenye umbo la miavuli ni jengo la miaka ya 1970 lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo Afrika Mashariki. Picha yenye banda la zamani, lililoanzishwa na Wajerumani na kutumiwa na wapagazi wa vita kabla ya kuwa soko, ni ya kabla ya hapo. Picha zenye alama za moto ni za baada ya Julai 10, 2021, siku soko lilipoungua.

Karatasi

Sasa unakwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, ukiwa na jedwali la mitaa na orodha ya majina. Nenda na barua ya utambulisho na kitambulisho, na uulize utaratibu wa kibali kabla ya siku yenyewe. Omba kwanza orodha ya mafaili, si faili. Tafuta mafaili ya ofisi ya wilaya ya Dar es Salaam na ya mji: viwanja, leseni, vyama vya watu, maombi ya ngoma na mikutano. Maombi ya vyama ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu yana majina ya viongozi na anwani zao, na viongozi wa vyama vya Kariakoo wa miaka ya 1930 na 1940 ndio waliokuja kujaza siasa za miaka ya 1950. Andika namba ya faili na ya ukurasa palepale.

Magazeti yako Maktaba Kuu ya Taifa, na sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa la serikali. Soma barua za wasomaji na tanzia zaidi ya tahariri. Kwetu la Erica Fiah, lililoanza 1937, na Zuhra la Ramadhani Mashado Plantan yalitoka kwa Waafrika wenyewe na yanataja watu ambao Mambo Leo lisingewataja. Katika Gazeti la Serikali tafuta matangazo ya mirathi. Utafiti wa J.A.K. Leslie, uliofanywa 1956 na kuchapwa 1963, una maelezo ya jinsi watu walivyopanga na kumiliki vyumba, ila kumbuka uliandikwa kwa macho ya serikali ya kikoloni, ambayo mwanzoni iliigawa miji kwa kanda za ujenzi, Kariakoo ikiwa Kanda ya Tatu, ya Waafrika, na Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuitenga na maduka ya Wahindi.

Mnyororo wa umiliki hukatika mahali panapojulikana, kwa hiyo usishtuke. Umiliki wa kudumu ulifutwa 1963 na kugeuzwa kuwa hati za muda. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mali zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) 1990. Mabaraza ya miji yalivunjwa katika miaka ya 1970 na kurudishwa 1978, na halmashauri za Dar zimegawanywa na kuunganishwa tena baada ya hapo. Kila mabadiliko yalihamisha makabati. Karatasi usiyoikuta Ilala inaweza kuwa mkoani, wizarani au NHC.

Makaburini, Kisutu kwa mfano, tarehe nyingi ni za Hijria. Usiongeze tu miaka 580 au 581 ukaridhika. Mwaka 1368, kwa mfano, ulianza Novemba 1948 ukaisha Oktoba 1949, kwa hiyo bila mwezi andika 1948/49.

Nani aingie, na kwa neno gani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Neno «aliishi» limebebeshwa mambo mengi mno. Tumia maneno tofauti kwa mambo tofauti: alimiliki, alipanga, alifikia, alifanya kazi, alikutana na wenzake, alizaliwa. Nyerere ni mfano mzuri. Alipoacha ualimu 1955 alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes Kariakoo, baadaye akajenga Magomeni, mtaa wa Ifunda, ambako nyumba sasa ni makumbusho. Ukiandika «nyumba ya Nyerere» kwenye kiwanja cha Kariakoo, umemfuta mwenyeji wake. Andika «nyumba ya Abdulwahid Sykes, alipofikia Julius Nyerere 1955», na historia inakuwa tajiri zaidi, kwani unaanza kuona kwamba Sykes, wakati huo msimamizi wa soko, alikuwa mtoto wa Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association 1929.

Kila dai liwe na vyanzo viwili vya aina tofauti: mdomo na karatasi, au karatasi na picha. Wazee wawili waliosikiliza kipindi kimoja cha redio ni chanzo kimoja. Mpime msimuliaji kwa kumuuliza jambo dogo ambalo redio haisemi: mlango ulifunguka upande gani, kisima au bomba lilikuwa wapi, nani alipika. Dai lenye chanzo kimoja liandike, lakini liwekee alama, na utaje limetoka wapi.

Watafute wanawake kwa makusudi. Wanawake wengi walimiliki nyumba Kariakoo na kuishi kwa kodi za vyumba, lakini wapangaji wa kiume ndio waliotajwa magazetini. Jina la mama mwenye nyumba hukaa kwenye kumbukumbu za wapangaji wake, katika vikundi vya lelemama na taarabu, na katika kadi za uanachama wa TANU, kwa kuwa Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake kupitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Usichukue «mke wa fulani». Uliza jina lake, la baba yake, na la kikundi chake. Vivyo hivyo kwa mafundi, wapiga vinanda, walimu wa madrasa, wachuuzi wa samaki. Mshume Kiyate hakuwa na cheo cha serikali, na mtaa una jina lake.

Ukurasa wa kila kiwanja uwe na mambo haya tu: namba, jina la mtaa la sasa na la zamani, jengo na vipindi vyake, wamiliki, wapangaji kwa vyumba, shughuli za mbele, watu wa kutajwa na neno la uhusiano wao, na vyanzo. Usizidi kurasa mbili. Kabla ya kuchapisha, usomee rasimu familia ya kiwanja hicho na ya kiwanja jirani. Jirani ndiye anayegundua kosa ambalo familia imelizoea. Pakiwa na ubishi, andika pande zote mbili na tarehe mliyozungumza. Majina ya walio hai wasioridhia yaondolewe, hata kama yanajulikana mtaa mzima.

Nakala moja ya kurasa na kanda ibaki kwa familia, moja ofisi ya serikali ya mtaa, moja Maktaba Kuu. Ile ya serikali ya mtaa ichapwe kwenye karatasi, ifungwe kwa jalada gumu na kugongwa mhuri wa mapokezi, kwa sababu flashi diski haifiki hata kwa mwenyekiti wa pili.